Mayai ya Kanada na Nguo ya Merikani

Mwezi wa Mei mwaka 1930, Waziri wa Fedha wa Kanada, Bwana Charles Dunning, alisimama katika Bunge mjini Ottawa kusoma bajeti ya nchi yake. Kati ya mambo aliyoyatangaza lilikuwamo moja lililohusu mayai ya kuku, viazi, siagi, nyama, ngano na vitu vingine, jumla yake aina 16. Maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa nchi nyingine yatoza kitu cha Kanada ushuru mkubwa kuliko ule utozwao na Kanada kwa kitu kama hicho, basi Kanada nayo itatoza kiasi kile kile. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nchi gani iliyokusudiwa. Mpaka mrefu wa Kanada ni mmoja tu, na ng'ambo yake ni Marekani.

Huko Washington wakati huo Bunge lilikuwa likimalizia sheria mpya ya ushuru wa forodha. Asili yake ilikuwa huruma. Wakulima wa Marekani walikuwa wamepatwa na taabu tangu kwisha kwa Vita Kuu ya kwanza, maana bei za mazao zilishuka na madeni hayakushuka. Bwana Herbert Hoover, alipotaka urais mwaka 1928, aliwaahidi msaada. Lakini mswada ulipofika Bungeni, kila mjumbe alikumbuka bidhaa ya jimbo lake. Huyu akataka sukari ilindwe, yule sufu, yule viatu, hata sheria iliyokusudiwa kumsaidia mkulima ikageuka kuwa kikapu cha kila mtu. Waliousimamia mswada huo ni Seneta Reed Smoot wa jimbo la Utah na Bwana Willis Hawley wa Oregon. Wataalamu wa uchumi 1,028 walimwandikia Rais Hoover wakimsihi asiutie sahihi. Aliutia sahihi tarehe 17 Juni 1930.

Sasa tuyatazame mayai, kwa kuwa katika mayai jambo hili laonekana waziwazi kuliko katika vitabu vingi vya uchumi. Sheria ya Marekani iliongeza ushuru wa mayai kutoka senti 8 hadi senti 10 kwa dazeni. Kanada ilikuwa ikitoza senti 3 tu. Ikapanda mara moja ikafika senti 10, sawasawa na jirani. Mwaka 1929 Wamarekani walikuwa wameuza Kanada zaidi ya dazeni 900,000. Mwaka 1932 hazikufika dazeni 14,000. Wakanada nao walipunguza mayai waliyouza Marekani, lakini hayo yalikuwa machache tangu mwanzo. Basi mfugaji wa kuku wa Marekani, ambaye sheria ilitungwa ili imkinge, alijikuta amefungiwa soko lililokuwa lake, kwa ajili ya kukingwa na mayai ambayo kwa hakika hayakuwa yakimdhuru.

Msomaji atasema: Kanada ilifanya vema. Tukiishia kwenye mayai, sina la kumbishia. Lakini hapana budi tuulize ni nani alipaye ushuru. Watu wengi hudhani kwamba ushuru hulipwa na mgeni aliyeleta bidhaa. Sivyo. Mfanyabiashara wa Nairobi akiagiza bidhaa za shilingi 100, na ushuru ukiwa ni shilingi 25, ni yeye atakayezitoa hizo 25 Kilindini kabla ya kuuchukua mzigo wake. Pengine yule muuzaji wa ng'ambo atakubali kupunguza bei kidogo ili asimpoteze mteja. Sehemu iliyobaki mfanyabiashara ataitia katika bei ya dukani, na mwenye kuilipa ni yule mama anayenunua. Kwa hiyo serikali ilipizayo ushuru humchapa jirani kwa fimbo ambayo ncha yake ya pili humgusa raia wake mwenyewe. Pengine yafaa kufanya hivyo. Lakini ni lazima kujua kwamba ncha ya pili ipo.

Tena liko jambo lisilotajwa sana, nalo naliona kubwa zaidi. Nchi iamuapo kutoza kile kile kinachotozwa na mwenziwe, huwa imempa mwenziwe kalamu. Kwa nini mayai yatozwe senti 10, wala si 5 au 12? Si kwa sababu wafugaji wa Kanada walipimwa haja zao, wala si kwa sababu hazina ya Kanada ilipungukiwa. Ni kwa sababu wajumbe waliochaguliwa na watu wengine walikubaliana hivyo Washington. Kanada ilidhani inajitetea, kumbe orodha yake ya ushuru, katika vitu hivyo 16, ilikuwa ikiandikwa na wageni.

Wala kulingana hakukudumu. Uchaguzi wa Kanada ulifanyika tarehe 28 Julai 1930. Bwana R. B. Bennett wa chama cha Conservative aliwaambia wapiga kura kwamba Waziri Mkuu Mackenzie King amejibu kwa ulegevu. Akashinda, na mwezi wa Septemba akapandisha ushuru wa vitu vingi kupita yote aliyoyafanya Dunning. Huko Ulaya, Hispania na Italia nazo zilipandisha ushuru, na Waswisi, ambao saa zao zilikuwa zimeguswa na sheria ya Marekani, wakakasirika hata wakaanza kususia bidhaa za Kimarekani. Kufikia mwaka 1933 thamani ya biashara ya dunia ilikuwa imeshuka kwa kadiri ya theluthi mbili ikilinganishwa na 1929. Nisiseme uongo: ushuru peke yake haukuyafanya hayo yote. Bei zilikuwa zimeanguka, benki zimefungwa, mamilioni ya watu hawana kazi. Lakini mgonjwa mwenye homa hafunikwi blanketi la pili.

Na wale waliolipiza, je, hawakupata kitu? Walipata. Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilimpa Rais Franklin Roosevelt ruhusa ya kupatana na nchi moja moja, kupunguza ushuru kwa kupunguziwa. Aliyeipigania sana sheria hiyo ni Waziri wake wa Mambo ya Nje, Bwana Cordell Hull. Mnamo Novemba 1935 Kanada na Marekani zilitia sahihi mkataba; Marekani ikapunguza ushuru wa ng'ombe, malai, mbao na vitu vingine vya Kanada, na Kanada ikapunguza kwake. Ni kweli kwamba mtu asiye na kitu mkononi hana cha kubadilishana mezani, na Kanada ilikuwa nacho. Lakini ilikuwa imepita miaka mitano, na mkulima aliyeuza ng'ombe wake kwa bei ya kutupa mwaka 1931 hakurudishiwa na mkataba huo.

Sisi wa Afrika ya Mashariki swali hili tumelijua kwa upande mwingine, upande wa wasioruhusiwa kujibu. Mwaka 1833 Seyyid Said alipatana na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, kwamba bidhaa za Wamarekani zitozwe asilimia 5 tu katika bandari zake. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839 na Wafaransa 1844. Jahazi lake Seyyid, jina lake Sultana, lilifika New York mwaka 1840, likashangaza watu. Lakini safari kama ile zilikuwa chache, hali meli za Salem zilikuja Unguja mwaka baada ya mwaka zikileta nguo ambayo mpaka leo twaiita merikani. Marekani ilibaki huru kupandisha ushuru wake. Unguja haikuwa huru.

Baadaye, Mkataba wa Berlin wa 1885 na ule wa Saint-Germain wa 1919 ulizitia Kenya, Uganda na Tanganyika katika eneo ambalo mataifa yaliyotia sahihi yalitakiwa kutozwa ushuru sawa. Kwa hiyo mwaka 1932, nchi za Dola ya Uingereza zilipokutana Ottawa na kupeana nafuu za ushuru, Kenya haikuweza kuwapendelea Waingereza dhidi ya Wajapani. Nguo rahisi za Japani zikajaa madukani. Wenye viwanda wa Lancashire walilalamika sana. Mtu wa kawaida, ambaye kahawa na mkonge havikumletea ujira wa kutosha, alivaa. Jambo hilo lilimfaa, ijapokuwa hakuna aliyemwuliza.

Mwezi wa Aprili 2025 Rais wa Marekani alitangaza ushuru mpya kwa karibu nchi zote za dunia, na bidhaa za Kenya zikawekewa asilimia 10. Walikuwapo waliotaka tulipize papo hapo. Lakini tangu mwaka 2005 Kenya ina ushuru mmoja wa nje pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na viwango vyake hujadiliwa na nchi zote. Kabla ya kumjibu mtu wa Washington, ingetupasa kwanza tukae na jirani zetu Arusha.