Kaa wa Alaska: Sheria, Hesabu na Bahari

Somo letu la leo ni la historia, nayo ni historia ya kaa. Labda mtu atauliza, "Kaa naye ana historia gani?" Basi sikilizeni, maana katika habari hii zimo mashua, fedha, sheria, na watu wengi waliopata kisha wakakosa. Mwalimu wa darasa, tafadhali onyesha katika ramani Alaska, iliyo kaskazini-magharibi kabisa mwa Amerika. Alaska ni jimbo la Marekani tangu mwaka 1959.

Katika bahari baridi ya huko yuko kaa mkubwa aitwaye kaa mfalme. Huyu si kama kaa wa mikoko tumjuaye. Dume mkubwa akinyoshwa miguu hufikia karibu futi 5. Lakini hukua polepole. Huchukua miaka 7 au 8 hivi kufikia ukubwa wa kuvuliwa. Jike hubeba mayai chini ya tumbo karibu mwaka mzima.

Biashara ya kaa huyu ilikua upesi baada ya Vita Kuu ya Pili. Bwana Lowell Wakefield alikuwa na meli iliyoitwa Deep Sea, iliyoanza kazi mwaka 1947. Kaa walivuliwa, wakapikwa na kugandishwa humo humo melini. Wengine walipoona faida, walifuata. Kisiwa cha Kodiak kikawa makao makubwa ya uvuvi huo. Mwaka 1964 tetemeko la nchi na mawimbi makubwa viliharibu mji wa Kodiak, lakini wavuvi hawakuacha kazi. Katika msimu wa 1965 na 1966 walivua ratli milioni 94.

Je, walivua bila sheria? La, sheria zilikuwako, nazo zilikuwa tatu. Ya kwanza, vua dume tu. Jike arudishwe baharini. Ya pili, dume mdogo asichukuliwe, ili apate kuzaa kwanza. Ya tatu, usivue majira ya kuzaana na kujivua gamba, maana wakati huo kaa ni laini na hufa kwa urahisi. Hata dema zao, ambazo ni za chuma, ziliwekewa sheria baadaye: sharti sehemu moja ishonwe kwa uzi wa pamba. Dema ikipotea, uzi huoza, na kaa waliomo hutoka. Bila hivyo, dema iliyopotea ingeendelea kuua bila faida kwa mtu.

Sheria hizo ni njema. Lakini je, zilitosha? Tutazame yaliyotokea. Katika ghuba ya Bristol, mwaka 1980, walivua ratli milioni 130. Mwaka 1982 walipata milioni 3 tu. Mwaka 1983 uvuvi ulifungwa pale. Kodiak nako ulifungwa mwaka huo, na kaa mfalme mwekundu wa biashara hajafunguliwa huko tena. Wataalamu hata leo wanabishana juu ya sababu. Wengine hutaja uvuvi uliozidi, wengine joto la maji, wengine samaki walao kaa wachanga. Yamkini sababu zilishikana.

Bristol ilifunguliwa tena mwaka 1984, lakini kwa kiasi kidogo. Sasa likazuka jambo jingine. Serikali ilitaja jumla ya kaa wa kuvuliwa, na kila mashua ikakimbilia kupata kabla ya mwenziwe. Yakawa mashindano. Mwaka 2004 msimu mzima ulikuwa wa siku 3. Dhoruba ikija, nahodha hakuweza kungoja, maana akingoja hapati kitu. Watu walikufa maji.

Kwa hiyo mwaka 2005 utaratibu ulibadilishwa. Kila mwenye haki alipewa fungu lake, avue kwa nafasi yake. Vijiji vya pwani vilitengewa asilimia 10. Hatari ilipungua. Lakini kila jambo lina gharama yake: mashua zilipungua toka karibu 250 mpaka chini ya 100, na mabaharia wengi walikosa kazi.

Na fungu hukatwaje? Kwa hesabu. Kila mwaka, majira ya joto, meli za utafiti hukokota nyavu mahali palepale na kuhesabu kaa. Kwa Bristol iko kanuni: majike wakubwa wakiwa chini ya milioni 8.4, hapana uvuvi. Mwaka 2020 hesabu haikufanywa, kwa ajili ya ugonjwa wa Uviko. Ilipofanywa mwaka 2021, majike hawakufikia kiasi hicho. Uvuvi ulifungwa mwaka huo na mwaka 2022, ukafunguliwa kidogo mwaka 2023.

Mwenziwe, kaa wa theluji, aliona makubwa zaidi. Toka mwaka 2018 mpaka 2021 walipotea zaidi ya bilioni 10. Wataalamu walieleza mwaka 2023 kuwa bahari ilipata joto, kaa wakahitaji chakula kingi kuliko kilichokuwako, wakafa njaa. Hapo hakuna mvuvi aliyevunja sheria.

Basi tunajifunza nini? Sheria ya dume, ukubwa na majira huzuia mkono wa mvuvi, lakini haizuii joto la bahari. Ndiyo sababu hesabu ya kila mwaka haina budi kufuatana na sheria, na kufunga mapema, ijapokuwa kunaumiza, ni afadhali kuliko kufunga kama Kodiak.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Taja sheria tatu za kuvua kaa, na sababu ya kila moja.
2. Uzi wa pamba una kazi gani katika dema?
3. Kugawa mafungu kulimfaa nani, na kulimwumiza nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.