Vifurushi 69,830 ghalani: Kila kimoja kiwekwe wapi?

MNAMO Juni 1996, mradi wa programu huria wa Debian ulipotoa toleo lake la 1.1, ghala lake lilikuwa na vifurushi 474. Mtu mwenye subira angeweza kuipitia orodha nzima kwa jioni moja na kujua kilichomo. Toleo la 13, lililotolewa Agosti 2025, lina vifurushi 69,830. Hakuna binadamu awezaye kuisoma orodha hiyo hadi mwisho. Ndiyo maana swali ambalo mwaka wa 1996 lilionekana dogo limekuwa zito: kifurushi kipya kinapowasili, kiwekwe katika kundi lipi, na nani aamue?

Debian ulianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Ni mfumo endeshi wa tarakilishi unaotungwa na watu wanaojitolea kutoka mataifa mengi, na kila mtu ana uhuru wa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Mfumo wa Ubuntu, uliozinduliwa mwaka wa 2004, umejengwa juu ya msingi huo. Hivyo basi, hata mwanafunzi wa Nairobi au Mombasa ambaye hajapata kulisikia jina la Debian, iwapo tarakilishi yake inaendeshwa kwa Ubuntu, huchota kila siku katika kazi iliyopangwa kwenye ghala hilo.

Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake: jina, nambari ya toleo, vifurushi vingine inavyovitegemea ili ifanye kazi, muhtasari wa kazi yake, na kitengo inachowekwa. Vitengo vyenyewe sasa ni zaidi ya 50. Kuna cha michezo, cha barua pepe, cha sauti, cha hisabati, cha sayansi na cha hifadhidata. Kuna hata cha wapenzi wa mawasiliano ya redio, ambao ni wachache lakini wana droo yao tangu zamani.

Anayeitazama orodha hiyo kwa makini atagundua kasoro moja upesi. Vitengo havikupangwa kwa kigezo kimoja. Michezo na barua pepe ni vitengo vya matumizi. Vitengo vya Perl, Python na Ruby vinataja lugha ambayo programu iliandikwa kwayo. GNOME na KDE ni mazingira ya kioo ambamo programu hufunguka. Kuna kitengo cha nyaraka na kingine cha maktaba za msimbo, yaani sehemu ambazo mtumiaji wa kawaida hazioni bali programu nyingine huziitisha. Kuna pia kitengo cha maktaba zilizopitwa na wakati, kigezo chake kikiwa ni umri. Ni kama duka lenye rafu ya viatu, rafu ya vitu vyekundu, rafu ya bidhaa kutoka Thika na rafu ya vitu vilivyokaa sana. Kiatu chekundu kilichoshonwa Thika mwaka juzi kina haki ya kukaa katika rafu zote nne, ila mwenye duka anaruhusiwa kuchagua moja tu.

Mathalani, chukua Tux Paint, programu ya kuchorea iliyobuniwa mwaka wa 2002 kwa ajili ya watoto wadogo, ambayo inaweza kutumiwa kwa Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine nyingi. Mchora katuni angeitafuta katika kitengo cha michoro, mtoto aende moja kwa moja kwenye michezo, na mwalimu wa chekechea atazame chini ya elimu. Wote watatu wana hoja. Programu ikiwekwa kwa mmoja, wawili waliobaki watapekua droo zao, wasiione, na kuamini kwamba haipo. Kwa mwalimu asiye na fedha za kununua programu nyingine, kutoonekana huko hakuna tofauti na programu kutoandikwa kabisa. Kitengo cha elimu chenyewe hakikuwamo katika orodha ya awali. Kiliongezwa baadaye sana.

Kwa nini basi kila kifurushi kikabanwa katika kitengo kimoja? Jibu limo katika jinsi ghala lilivyohifadhiwa miaka ya mwanzo. Hadi mwishoni mwa mwaka wa 2000, kitengo kilikuwa pia folda halisi kwenye diski. Faili ya mchezo ilikaa katika folda ya michezo, na faili haiwezi kukaa mahali pawili bila kunakiliwa. Ghala la Debian hunakiliwa na seva nyingi katika nchi mbalimbali ili watu wapakue kutoka karibu. Kwa hivyo, kila mara kifurushi kilipohamishwa kutoka folda moja hadi nyingine, seva hizo zililazimika kukipakua upya ilhali hakuna hata herufi moja iliyobadilika ndani yake. Uainishaji uliokosewa uligharimu nafasi na muda wa mtandao kuurekebisha, na bila shaka mengi yaliachwa yalivyo kwa sababu hiyo.

Mnamo Desemba 2000, wasimamizi wa ghala walifanya mageuzi ambayo yanastahili kusifiwa kuliko yanavyosifiwa. Waliziondoa faili katika folda za vitengo na kuzikusanya katika bwawa moja, zikipangwa kwa herufi ya kwanza ya jina. Tux Paint ikaenda chini ya herufi t. Kwa kuwa maktaba za msimbo huanza karibu zote kwa silabi moja, lib, herufi l ingefurika. Hivyo zikagawanywa zaidi kwa herufi ya nne, maktaba za a mahali pake, za b mahali pake. Tangu hapo kitengo kikawa neno lililoandikwa katika orodha. Mahali kitu kilipo pakatenganishwa na maelezo ya kitu hicho, na kubadilisha kitengo kukawa ni kubadilisha neno moja.

Kuhusu nani huamua, utaratibu wa Debian ni wa ngazi mbili. Mtunzaji wa kifurushi, mtu aliyejitolea kukifunga na kukirekebisha, hutaja kitengo anachokiona kinafaa. Hilo ni pendekezo. Neno la mwisho ni la kundi dogo linalosimamia ghala, ambalo hukagua kila kifurushi kipya kabla hakijaingia, hususan leseni yake, na kuweka kitengo rasmi katika daftari linalofuta chaguo la mtunzaji pale wanapotofautiana. Mtunzaji asiyeridhika huwasilisha ombi la mabadiliko hadharani, na yeyote anaweza kulisoma. Utaratibu huu una urasimu wake, na foleni ya vifurushi vipya imepata kuwa ndefu kiasi cha kuwachosha watu. Hata hivyo, watunzaji wangeachiwa huru, vitengo vingeongezeka kila mmoja akijitungia chake.

Ghala lilipozidi kukua, droo kadhaa zilifurika. Kitengo cha zana ndogo ndogo na kile cha mchanganyiko vikawa kama kona ya nyumba ambamo kila kisicho na mahali hutupwa. Mwaka wa 2009, wasimamizi waliongeza vitengo vingi kwa mkupuo mmoja, vikiwemo vya Java, Ruby, PHP na Haskell, cha video, cha fonti, cha hifadhidata na cha ujanibishaji wa lugha. Miaka iliyofuata vikaongezwa vya JavaScript na Rust. Droo mpya zilipunguza msongamano, lakini hazikutibu maradhi yenyewe, kwani nyingi kati yake ziliongeza kigezo cha lugha ya msimbo, jambo ambalo mtumiaji wa kawaida halimhusu. Anayetaka kuhariri video hajali iliandikwa kwa lugha gani.

Tiba ya maradhi hayo ilikuwa imekwisha kupendekezwa miaka michache kabla, na chimbuko lake lilikuwa mbali na tarakilishi. Mnamo 1933, S. R. Ranganathan, mwanahisabati aliyegeuka mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, alichapisha mfumo wa kuainisha vitabu uliotofautiana na ule wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka wa 1876. Dewey aliigawa elimu yote kama mti: shina, matawi, vitawi, na kila kitabu kwenye kitawi chake. Ranganathan alikitazama kitabu kutoka pande kadhaa. Kinahusu nini? Kitu hicho kimeundwa kwa nini? Kinafanyiwa kazi gani? Wapi? Lini? Jibu la kila swali liliandikwa peke yake, kisha majibu yakaunganishwa kuwa anwani ya kitabu.

Enrico Zini, mtaalamu wa Debian kutoka Italia, aliliazima wazo hilo mapema katika miaka ya 2000 na kuanzisha mradi wa Debtags. Badala ya droo moja, kifurushi hubandikwa lebo nyingi, kila lebo ikijibu swali la upande mmoja. Je, ni programu, maktaba au nyaraka? Hushughulika na nini: picha, sauti, maandishi? Hutumiwa kufanyia nini: kutazama, kuhariri, kutafuta? Hufunguka kwenye dirisha au kwenye mstari wa amri? Iliandikwa kwa lugha gani? Hapo Tux Paint huweza kuwa ya picha, ya kuhariri na ya watoto kwa wakati mmoja, na kila mtafutaji akaifikia kwa njia yake. Lugha ya msimbo haikufutwa. Ilipewa upande wake, ambao anayeuhitaji atautumia na asiyeuhitaji ataupuuza.

Lebo nazo zina udhaifu. Droo ni lazima: kifurushi hakiingii ghalani bila kitengo. Lebo ni hiari, na hutegemea watu wa kujitolea kuzibandika na kuzipitia. Kifurushi chenye lebo tatu pale kilipostahili nane huonekana kwa baadhi na kufichika kwa wengine, bila mtu yeyote kujua kwamba kuna pengo. Ndiyo sababu vitengo vya kale havikuondolewa. Kitengo hakielezi mengi, lakini angalau kila kifurushi kinacho.

Juu ya vitengo hivyo vyote kuna mgawanyo mwingine ambao ndio uliozua mjadala mkali zaidi, nao ni wa leseni. Tangu Mkataba wa Kijamii wa mwaka wa 1997, Debian huzitenga programu zilizo huru kikamilifu, na hizo pekee ndizo huhesabiwa kuwa Debian yenyewe. Zilizo huru lakini zinategemea kitu kisicho huru huwekwa kando, na zisizo huru huwekwa kando zaidi. Mpango huo ulifaa hadi watengenezaji wa maunzi walipozoea kuuza vifaa visivyofanya kazi bila kipande kidogo cha programu ambacho msimbo wake ni siri. Kadi nyingi za mtandao usiotumia waya ni za aina hiyo. Mtu aliweka Debian kwenye kipakatalishi, akakuta hakiunganiki na intaneti, na kipande alichokihitaji kimo katika droo ambayo diski rasmi ya usakinishaji haikuwa nayo. Akikipakue kwa mtandao upi?

Diski zenye vipande hivyo zilikuwepo, ila ziliitwa zisizo rasmi na hazikuwa rahisi kupatikana. Suala hilo lilipelekwa kwa wanachama wote wa mradi, na katika kura iliyokamilika Oktoba 2022 waliamua kuurekebisha Mkataba ili diski rasmi ziruhusiwe kubeba vipande hivyo. Toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likaja na droo mpya mahsusi kwa programu ndogo za maunzi zisizo huru, iliyotengwa na programu nyingine zisizo huru. Mwenye kadi ya namna hiyo sasa huweza kupata mtandao bila kulazimika kuufungua mlango kwa programu nyingine zote za siri. Waliopinga walihofia kwamba mstari uliolindwa kwa robo karne umelegezwa. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi, lakini mtu asiyeweza hata kuunganisha tarakilishi yake hanufaiki na usafi wa ghala.

Wapo wanaouliza kama makundi yana haja tena wakati mtu anaweza kuandika neno na kutafuta. Kwa msomaji wa Kiingereza swali hilo lina uzito. Kwa msomaji wa Kiswahili halina, kwani utafutaji hulinganisha neno lililoandikwa na muhtasari wa kifurushi, na mihtasari huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Anayeandika "kuchora" hatapata kitu ikiwa hakuna aliyeutafsiri muhtasari wa programu ya kuchorea. Kutafsiri mihtasari karibu 70,000 ni kazi ya miaka kwa kundi kubwa la watu. Kutafsiri majina ya vitengo yapatayo 60 ni kazi ya mtu mmoja kwa siku chache, na akishaimaliza, kila kifurushi ghalani kitakuwa na angalau neno moja la Kiswahili linalokielekeza.

Ghalani kimo pia kifurushi kiitwacho hunspell-sw, kamusi inayosahihisha tahajia ya Kiswahili katika programu za kuandikia. Kinaweza kutafutwa chini ya maandishi, kwa kuwa husahihisha maandishi. Kinaweza kutafutwa chini ya ujanibishaji, kwa kuwa ni cha lugha moja. Mwandishi wa barua huko Malindi ambaye maneno yake yote hupigiwa mstari mwekundu huenda asiende kokote kati ya hizo mbili, kwa kuwa hajui kwamba kuna kamusi ya kutafutwa.