Michoro ya Miambani ya Kondoa: Urithi wa Dunia Unaohitaji Ulinzi wa Kila Mgeni

Michoro ya Miambani ya Kondoa ni eneo la urithi wa kale lililopo Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na zaidi ya mapango 150 yenye michoro. Mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiingiza michoro hiyo katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Mengi ya mapango hayo ni kuta za mwamba zilizofunikwa kwa juu na jiwe lililochomoza mfano wa paa. Paa hilo liliwakinga wakazi wa kale dhidi ya jua na mvua, na ndilo lililoihifadhi michoro iliyochorwa katika kipindi cha angalau miaka 2,000.

Michoro myekundu huonesha watu warefu wembamba pamoja na wanyama kama twiga, tembo na swala. Watafiti huihusisha na jamii za wawindaji na wakusanyaji wa matunda na mizizi. Michoro myeupe ni ya baadaye, nayo huhusishwa na wakulima na wafugaji. Hivyo, ukuta mmoja waweza kusimulia mabadiliko ya maisha ya vizazi vingi. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walinakili sehemu ya michoro hiyo, na nakala hizo zikachapishwa kitabuni mwaka 1983.

Pango la Mungomi wa Kolo lina hadhi ya pekee, kwa kuwa wenyeji wangali wakifanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji mahali hapo. Matambiko hayo ni sehemu ya thamani ya urithi huo, ingawa pombe na mafuta yanayorushwa ukutani huweza kufifisha rangi. Kwa sababu hiyo, uhifadhi wa kudumu hutegemea maelewano kati ya wataalamu na wazee wa mila. Kumzuia mwenyeji ni kuondoa uhai wa mahali. Kuacha ukuta uharibike ni kuwanyima wajao urithi wao.

Anayetoka Wampembe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, hupanda hadi barabara kuu ya Sumbawanga–Mpanda, kisha hupitia Tabora na Singida hadi Dodoma. Kutoka hapo hufuata barabara ya Arusha hadi Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Wageni hutakiwa kuripoti katika ofisi iliyopo Kolo ili kupata kibali na mwongozaji. Viatu imara vinahitajika, kwani baadhi ya mapango hufikiwa kwa kupanda kilima.

Mgeni hapaswi kugusa michoro, kuimwagia maji ili ionekane vizuri pichani, kuandika jina ukutani wala kuchimba ardhi. Urithi huo unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mchoro ukishafutika, hakuna fundi awezaye kuurejesha.