Maneno ya Kiingereza ya hospitali ambayo kila nyumba yafaa iyajue



Mwaka juzi nilimpeleka ami yangu hospitali moja hapa kwetu. Ana sukari, na alikuwa na kidonda mguuni. Kwenye pakiti ya dawa kuliandikwa "every 8 hours", na aliyetupa akamwambia, "Kila saa nane, mzee." Ami akaitika. Kumbe alielewa kuwa dawa ni ya saa nane mchana. Kwa siku nne akameza kidonge kimoja kwa siku badala ya vitatu, na kidonda kikazidi. Hakuna aliyesema uongo hapo. Ni lugha tu iliyopotea njiani.

Ndiyo maana leo nimekusanya maneno ambayo nimeona yanatutatiza sana. Yakate uyaweke pamoja na kadi za kliniki.

Unapoeleza ugonjwa

Ukiulizwa "What are you complaining of?", hujaambiwa kuwa unalalamika. Maana yake ni "Unasumbuliwa na nini?" Nimewahi kumsikia bibi akijibu kwa adabu kwamba yeye hana malalamiko, ameridhika.

Neno homa lina mtego. Kwetu homa ni joto la mwili, yaani "fever". Wenzetu wengi kutoka bara wakisema homa wanakusudia mafua, yaani "cold" au "flu". Kwa hiyo mtoto akichemka, usiseme "ana homa" ukanyamaza. Sema mwili una joto, tangu lini, na kama ametetemeka. Huku kwetu kwenye malaria, tofauti hiyo ni kubwa.

Degedege ni "convulsions". Pumu ni "asthma". Kichefuchefu ni "nausea", na kutapika ni "vomiting". Kizunguzungu ni "dizziness". Kuhara ni "diarrhoea", na kukosa choo ni "constipation". Kiharusi ni "stroke": uso au mkono ukilegea ghafla upande mmoja, au maneno yakivurugika, usingoje kesho.

Sisi tuna mguu mmoja, Waingereza wameugawa: "leg" ni juu ya kifundo, "foot" ni chini yake. Mkono vilevile: "arm" ni mkono wenyewe, "hand" ni kuanzia kiganja. Onyesha kwa kidole mahali panapouma.

Kwenye maabara

"Stool" hapa si kigoda, ni choo kikubwa. "Urine" ni mkojo. "Sputum" ni makohozi yanayotoka kifuani, si mate ya mdomoni. Anayepimwa kifua kikuu akipeleka mate, ugonjwa unaweza usionekane naye akadhani ni mzima.

Majibu yakiwa "positive", si habari njema kama neno linavyosikika. Maana yake kilichotafutwa kimeonekana. "Negative" ni kwamba hakikuonekana.

Kwenye kadi

"Acute" ni ugonjwa uliokuja kwa ghafla. "Chronic" ni wa muda mrefu, kama sukari au presha; si lazima uwe umefikia pabaya. "Benign" ni uvimbe usio saratani, "malignant" ni wa saratani. "Referral" ni kuhamishiwa hospitali nyingine. "Discharge" ina maana mbili: kuruhusiwa kwenda nyumbani, au majimaji au usaha unaotoka mwilini. Angalia sentensi nzima.

Neno moja limewahi kuvunja nyumba za watu. Kwa lugha ya madaktari, "abortion" ni mimba iliyotoka mapema, hata ikitoka yenyewe bila mtu kuigusa. Dada aliyeharibikiwa na mimba anaweza kurudi na kadi iliyoandikwa "incomplete abortion", maana yake mimba imetoka lakini haijasafika yote. Shemeji anayejua Kiingereza cha shule akisoma, anadhani mke ameitoa. Jamani, tusihukumu kwa kadi. Tumuulize daktari, na tumwonee huruma aliyepoteza mtoto.

Kwenye dirisha la dawa

"Twice daily" ni mara mbili kwa siku. Ukiona 1x3, ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. "Before meals" ni kabla ya kula, na "after meals" ni baada ya kula. "Every 8 hours" ni kila baada ya saa nane zikipita: kwa mfano saa 12 alfajiri, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kumbuka pia kuwa "8 am" ya kwenye karatasi ni saa 2 asubuhi yetu.

Haki yako

Kujifunza maneno haya hakumwondolei mhudumu wajibu wake. Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoifahamu na kwa kiasi cha elimu yake. Kwa hiyo si utovu wa adabu kusema, "Daktari, nieleze kwa Kiswahili tafadhali," au kwa Kigiriama kama yupo anayekijua.

Kisha mrudishie ulivyoelewa: "Kwa hivyo nimeze saa ngapi na saa ngapi?" Swali hilo moja lingemwepushia ami yangu maumivu mengi. Alhamdulillah kidonda kilipona, na sasa hatoki dirishani kabla hajazihesabu saa zake kwa vidole.

Mola atupe afya. Tukutane wiki ijayo inshaallah.