Haki ya pikipiki ndogo katika ukoo wa Ace Cafe

Septemba 2026 inatimia robo karne tangu Ace Cafe ya London ifunguliwe upya, na wapenzi wa pikipiki wana kila sababu ya kuikumbuka. Katika mgahawa huo ulioko Stonebridge, kando ya barabara ya North Circular, na katika mingine michache ya aina yake, ndimo mtindo wa pikipiki unaoitwa cafe racer ulimopata jina na sura: usukani mfupi ulioshushwa, vikanyagio vilivyorudishwa nyuma, kiti cha mtu mmoja chenye nundu mkiani, tangi refu, na kila kisicho na kazi kimefunguliwa na kuwekwa kando.

Kumbukumbu hiyo inakuja na ubishi wake. Kijana asiye na fedha za kununua Norton au Triumph ya zamani hutafuta kruza ndogo iliyokwishatumika, Honda Rebel au Yamaha Virago ya cc 250, akaikata, akaichomelea na kuipa umbo la cafe racer. Wakongwe wa fani humkatalia. Kruza, wanasema, imeundwa ili mtu aegemee nyuma na kwenda taratibu. Injini ya 250 haina mbio. Na jina la heshima halipatikani kwa kubadilisha usukani. Nimeifuatilia historia hii, hasa kupitia masimulizi ya Padri Bill Shergold na kumbukumbu za klabu yake ya 59, na naamini wakongwe hao wamekosea. Historia wanayoitetea inawatetea vijana.

Ace ilifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori. Mwaka 1940 iliharibiwa kwa mabomu ya Wajerumani, ikajengwa upya mwaka 1949, ikawa inauza chai usiku na mchana. Miaka ya hamsini, vijana wa tabaka la wafanyakazi walianza kupata mshahara wa kutosha kununua pikipiki kwa mkopo, na mahali palipokuwa wazi saa za usiku palikuwa hapo, Busy Bee kule Watford, na vibanda vichache vya chai.

Walichokitaka ni mwendo wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Barabara za nje ya miji nchini Uingereza hazikuwa na kikomo cha kasi hadi Desemba 1965, kwa hiyo kizuizi kilikuwa pikipiki yenyewe. Pikipiki za kiwandani zilitoka na madigadi mazito, usukani mpana na kiti cha kubeba abiria. Kijana alianza kwa kufungua. Kisha alifunga hendeli mbili fupi moja kwa moja kwenye nguzo za foku, ili kifua kilale juu ya tangi na upepo upite mgongoni. Mwili ukishalala hivyo, miguu haiwezi kubaki mbele. Ikabidi vikanyagio, gia na breki ya nyuma virudishwe. Kila badiliko lilidai jingine, na sura tunayoipenda leo ilitokana na mahitaji hayo.

Kilele cha ufundi huo kilikuwa Triton. Fremu ya Norton iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast ilishinda mashindano ya Isle of Man mwaka 1950, na mwendeshaji Harold Daniell akasema kuiendesha ni kama kulalia godoro la manyoya. Ndipo ikaitwa Featherbed. Fremu ilikuwa bora, lakini injini za Triumph, zenye silinda mbili za muundo wa Edward Turner, zilikuwa rahisi kupata na rahisi kuongezwa nguvu. Wakati huohuo, watengenezaji wa magari madogo ya mashindano ya cc 500 walihitaji injini za Norton Manx, na Norton haikuuza injini peke yake. Walinunua pikipiki nzima, wakachomoa injini, na fremu zikabaki zimezagaa. Vijana wakazichukua na kuweka injini za Triumph ndani yake, na hiyo ndiyo ikawa Triton. Fundi yeyote wa Kariakoo au wa Kirinyaga Road angeielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1965, Dave Degens na Rex Butcher waliendesha Triton iliyoundwa katika karakana ya Degens, Dresda, wakashinda mbio za saa 24 za Barcelona mbele ya pikipiki za makampuni makubwa.

Magazeti hayakutazama ufundi. Februari 1961 gazeti la Daily Mirror liliwaita vijana hao klabu ya kujiua. Ilisimuliwa kwamba mtu alitia sarafu kwenye mashine ya muziki ya Ace, akakimbilia pikipiki yake, akaenda hadi kwenye kipilefti na kurudi kabla santuri haijaisha. Baadhi ya waliokuwapo wanasema hadithi hiyo imetiwa chumvi nyingi. Ajali hazikuwa hadithi. Vijana walikufa kwenye North Circular, na polisi, wazazi na wabunge walikuwa na haki ya kuogopa. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kwamba karibu wote waliishia kukemea, na hakuna aliyekwenda kukaa nao mezani.

Karibu wote, maana yupo mmoja aliyekwenda.

Bill Shergold alikuwa padri wa Kanisa la Anglikana katika kanisa la St Mary of Eton, Hackney Wick, mtaa maskini wa mashariki ya London. Msaidizi wake, John Oates, alikuwa ameanzisha hapo klabu ya vijana mwaka 1959, na mwimbaji Cliff Richard ndiye aliyekuja kuifungua. Kutokana na mwaka huo ikaitwa 59 Club. Ilikuwa klabu ya kawaida ya kanisa. Lakini Shergold alikuwa mpanda pikipiki tangu zamani, na habari za vijana wa Ace zilimkaa moyoni. Mwaka 1962 aliamua kuandaa ibada maalumu ya waendesha pikipiki, na akaona hana budi kwenda kuwaalika mwenyewe.

Alivyosimulia baadaye, safari hiyo ilimtia hofu kubwa. Alizungusha skafu shingoni kuficha kola ya upadri. Alipoikaribia Ace na kuona msururu wa pikipiki na jaketi nyeusi za ngozi, ujasiri ulimtoka. Akaongeza mafuta akapita moja kwa moja. Aliporudi na kuingia, alitarajia kuvuliwa suruali au kutupwa kwenye mfereji ulio jirani. Hakuna aliyemgusa. Walichukua vikaratasi vyake vya mwaliko, wakamuuliza maswali, wakazungumza naye juu ya pikipiki na juu ya Mungu. Aliondoka akiwa mtu mwingine, na nadhani nao pia hawakubaki walivyokuwa.

Walikuja kanisani. Pikipiki ziliingizwa ndani na kusimamishwa mbele ya madhabahu, Shergold akazibariki pamoja na wenye nazo. Waandishi na wapiga picha walijaa, na wapo waumini walioona kwamba nyumba ya Mungu imenajisiwa kwa oili na ngozi. Shergold hakurudi nyuma. Alianzisha tawi la pikipiki ndani ya 59 Club, akawapa vijana ukumbi wa kukutana, mahali pa kutengenezea pikipiki, muziki na chai. Beji ya namba 59 ikaanza kuonekana kwenye jaketi kote Uingereza, kisha ng'ambo. Alipohamishiwa Paddington, klabu ilimfuata.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu vitabu vingi vya pikipiki hukipitia haraka ili vifike kwenye injini. Bila Shergold, wengi wa vijana wale wangebaki kwenye kumbukumbu za polisi na za mahakama tu. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa karibu miaka 90, na mtu aliyeokoa kizazi kizima kutoka kwenye dharau anastahili kutajwa kabla ya bingwa yeyote wa mbio.

Wakati padri anakwenda Ace, serikali ilikuwa imekwishachukua njia yake. Kuanzia mwaka 1961, mwanagenzi asiye na leseni kamili alikatazwa kuendesha pikipiki inayozidi cc 250. Sheria ilikusudia kupunguza vifo. Haikuondoa hamu. Kijana wa miaka 16 aliyeshiba picha za Triton sasa alikuwa na pikipiki ndogo mikononi, akaifanyia yaleyale: akashusha usukani, akarudisha vikanyagio, akafungua madigadi. Mbele ya mgahawa palianza kusimama cafe racer za 250, na wenye nazo hawakufukuzwa.

Kiwanda cha Royal Enfield kiliona soko. Mwishoni mwa mwaka 1964 kilitoa Continental GT ya cc 250, yenye gia tano, tangi jekundu la faibaglasi, hendeli fupi na vikanyagio vya nyuma, vyote vimefungwa kiwandani. Ili kuitangaza, kundi la waendeshaji lilipokezana pikipiki moja kutoka John o' Groats, ncha ya kaskazini-mashariki ya Scotland, hadi Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, kwa muda usiofika saa 24. Hiyo ni cafe racer ya kiwandani, ya cc 250, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanagenzi, wakati Ace bado imejaa. Anayedai leo kwamba injini ndogo haina nafasi katika ukoo huu aiweke GT hiyo mahali fulani katika hoja yake.

Mwisho ulikuja haraka. Ugomvi wa rockers, kama vijana hao wa pikipiki walivyoitwa, na mods, vijana wa kundi pinzani, kwenye fukwe za Clacton na Brighton mwaka 1964 ulizidisha chuki. Kikomo cha maili 70 kwa saa kikawekwa. Wajapani wakaleta pikipiki zilizotoka kiwandani zina kasi kuliko Triton yoyote. Mwaka 1969, mwaka uleule Honda ilipoanza kuuza CB750, Ace ilifungwa na jengo likawa duka la matairi.

Kruza iliingia katika ukoo huu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1977 Harley-Davidson, kampuni iliyo moyo wa kruza zote, ilitoa XLCR, cafe racer nyeusi tupu iliyobuniwa na Willie G. Davidson. Haikuuzika, ikaachwa baada ya muda mfupi, na sasa wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba. Honda Rebel ya 250 ilifuata mwaka 1985 na Virago ya 250 miaka michache baadaye. Ni pikipiki za kujifunzia, za bei nafuu, zenye injini ngumu isiyokufa, na ndiyo sababu zimejaa kwenye masoko ya mitumba ya Marekani na Ulaya.

Kuibadilisha kruza kunadai kazi zaidi kuliko Norton. Kiti chake kiko chini, mkia umeinama, na foku imelala mbele, hivyo ukifunga usukani mfupi peke yake unapata pikipiki mbaya kuonekana na mbaya zaidi kuendesha. Fundi makini huanza na mstari: tangi na kiti viwe sambamba na ardhi. Huweka shokapu ndefu nyuma, husogeza nguzo za foku juu kidogo kwenye viunga vyake ili mbele ishuke, na kwa kufanya hivyo hupunguza pia ule mlalo wa foku, pikipiki ikageuka kwa wepesi. Kisha hukata mkia wa fremu na kuchomelea pete ya bomba la chuma kubeba kiti kipya. Vikanyagio vya kruza viko mbele. Lazima vitengenezewe mabano mapya nyuma, na mkono wa gia uungwe upya. Asiyejua kuchomelea asiguse fremu, kwani mshono mbovu utakatika katika mwendo.

Ace ilirudishwa na Mark Wilsmore, aliyekuwa askari polisi. Mwaka 1994, miaka 25 baada ya kufungwa, aliitisha mkutano wa kumbukumbu na watu wanaokadiriwa kufika 12,000 wakaitika. Septemba 2001 milango ikafunguliwa. Mwaka 2013 Royal Enfield, ambayo sasa ni kampuni ya India, ilizindua Continental GT mpya papo hapo Ace. Makampuni mengine nayo yanauza cafe racer zilizokamilika, na mnunuzi hahitaji kushika spana. Sioni ubaya wa biashara hiyo, lakini naona fahari imehamia kwa mwenye fedha, na aliyekesha na msumeno wa chuma anatazamwa kama mwigaji.

Ningeomba waandaaji wa maadhimisho ya Septemba waitenge safu ya mbele kwa ajili ya 250 zilizotengenezwa kwa mikono ya wenyewe, Rebel na Virago zikiwemo, ziegeshwe sambamba na Triton na Continental GT ya 1964.