Olimpiki ya uani: Isevya na mbio za wapagazi

Hivi, wadau, ukisimamishwa njiani ukaulizwa Tanzania ina medali ngapi za Olimpiki, utajibu bila kukuna kichwa? Ni mbili. Zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Tangu hapo hadi Paris 2024 tumekwenda na kurudi mikono mitupu.

Nimelikumbuka hilo nikiwa hapa Tabora, mtaa wa Isevya, kwa mama mdogo. Shule zimefungwa, nyumba imejaa watoto, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuwatuliza. Nikasema tufanye Olimpiki yetu wenyewe uani, kila mtoto achague nchi. Dakika mbili hazikupita: Jamaika imechukuliwa, Marekani imegombewa nusura watu wang'atane, Kenya na Ethiopia zimekwenda, hata Norway imepata mwenyewe (ana miaka sita, sijui kaisikia wapi). Nikauliza, "Tanzania nani?" Kimya. Mkubwa wao, wa darasa la sita, akanijibu kwa adabu zote: "Mjomba, kwani Tanzania si huwa inashindwa?"

Basi tukakaa kwanza chini ya mwembe, tukaongea. Niliyowaambia nayaweka hapa, maana nadhani si watoto peke yao wanaofikiri hivyo.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1,500. Bayi aliongoza tangu bastola ilipolia, hakumngoja mtu. John Walker, mwenyeji, alimfukuza hadi kwenye utepe asimpate. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker naye siku hiyo alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili! Dunia ikasubiri wakutane tena Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand haikufungiwa, na Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika zikagoma kushiriki. Walker akachukua dhahabu. Kwa hiyo anayesema sisi hushindwa aelezwe na hili, kwamba mwaka ule hatukushindwa, tulikataa kukimbia, na gharama ya kukataa tuliilipa.

Habari ya John Stephen Akhwari na goti lake Mexico 1968 mnaijua, sitairudia. Ila Alphonce Simbu nimewasimulia kwa kirefu: Septemba 2025, Tokyo, marathoni ya ubingwa wa dunia, kilomita 42 zimekwisha na bado ikabidi picha ziamue. Alimshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Hapo angalau walipiga makofi.

Lakini tupo Tabora, jamani. Mji huu ulijua safari za masafa marefu kabla hata Olimpiki za kisasa hazijaanza mwaka 1896. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, karibu kila kilichopita kati ya Bagamoyo na Ujiji kilipita kwa miguu ya binadamu. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Merikani, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mtu aliongeza mkeka wake, chungu, silaha na posho. Kutoka pwani hadi hapa ni kilomita kama 800. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Wao walipanda punda, na walipougua wakabebwa. Watoto walicheka sana hapo.

Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Wengi walibeba begani, si kichwani kama watu wa pwani. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto, na Burton aliandika kwamba hata wadogo walizoeshwa kwa kubeba vipande vidogo vya pembe. Mbele alikwenda kirangozi na mavazi yake ya kuonekana mbali, ngoma na nyimbo zikifuata. Wakikaribia Kazeh walitoa nguo nzuri walizozitunza njia nzima, wakaingia mjini kwa milio ya bunduki. Kama hilo si gwaride la ufunguzi, sijui gwaride ni nini! Na wakiona posho imepunjwa au mzigo umezidishwa, waliweka mizigo chini na safari ikasimama. Mgomo, kwa lugha ya leo. Njia hiyohiyo walipitishwa watumwa kwa minyororo, na hilo nalo sikuwaficha watoto.

Papo hapo wakataka mbio za wapagazi ziwemo. Aliyekataa ni mama mdogo, aliyekuwa akichambua mchele barazani, nisidhani anatusikiliza.

"Mwanangu, usiwafundishe hawa upagazi. Babu yake marehemu baba alibebeshwa mizigo ya vita, hakurudi."

Ni kweli kabisa, na ni upagazi mwingine. Katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji wote walikamata wanaume vijijini wawabebee. Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam, tunakonunua mitumba na nyanya, imepata jina lake kutokana na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Tunalitamka kila siku.

Maneno yake yalinipeleka mbali kidogo, hadi St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Wakati wapagazi bado wanapita Tabora, huko Olimpiki ilifanywa sambamba na maonyesho makubwa ya dunia. Tarehe 12 na 13 Agosti waandaaji waliwakusanya watu walioletwa kuonyeshwa kama vitu: Wahindi Wekundu, Wafilipino, Waainu wa Japani, na Batwa kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Wakashindanishwa kukimbia na kurusha uzito kwa sheria ambazo hawakupata kuzizoea, kisha matokeo yakatangazwa kuwa ushahidi kwamba ni watu duni. Wakayaita Siku za Anthropolojia. Wiki kadhaa baadaye Watswana wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, nao waliokuwa St. Louis kwa ajili ya maonyesho, waliingia marathoni ya kweli wakamaliza wa 9 na wa 12. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kwenye Olimpiki.

Kwa hiyo ratiba yetu nimeiandika upya pamoja na watoto wenyewe. Ipo rede, kujaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa mpira. Ipo kuruka kamba, mbio za magunia, ndimu kwenye kijiko, kuvuta kamba, na mdako kwa wale wasiopenda kukimbia. Marathoni ni kuzunguka nyumba mara 42, kwa kupokezana, wadogo wakitangulizwa mizunguko mitano.

Mbio za wapagazi zimebaki, kwa sharti la mama mdogo: kila mtoto ajichagulie mzigo, aupime mwenyewe begani, na akichoka auweke chini bila kuchekwa. Pointi ni kwa anayefika na mzigo aliouchagua, uwe tofali au kibaba cha mchele.

Tunaanza kesho saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Waliopo Isevya, Ng'ambo, Cheyo na Gongoni wanakaribishwa na watoto wao. Maji ya kunywa yapo mtungini, mbele ya mstari wa mwisho. Kandambili zivuliwe getini, mchanga wa hapa unazimeza.