Kibaraza cha Muyinga: jinsi jengo linavyoathiri kazi

Katika ofisi iliyoezekwa mabati bila dari, jua la mchana huchosha akili, na mvua ikinyesha watumishi hawasikilizani. Adha hiyo inafahamika Burundi, kuanzia Nyarusange upande wa Gitega hadi Muyinga, kaskazini-mashariki.

Muyinga, hata hivyo, kuna jengo lililojengwa kwa fikra tofauti. Ni maktaba iliyokamilika mwaka 2012 kwa michoro ya kampuni ya BC Architects ya Ubelgiji, ikiwa sehemu ya mradi wa shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa, na paa ni la vigae. Chumba kimeinuliwa juu, na kati ya matofali yameachwa matundu yanayopitisha hewa.

Lililo kubwa zaidi ni kibaraza. Nyumba za jadi za Burundi huwa nacho. Hapo watu hungoja, huzungumza na kujikinga na jua na mvua. Wasanifu walikipanua, kisha wakaweka milango inayoonyesha ndani, ili aliye chumbani na aliye nje waonane. Kwa wanaozungumza kwa ishara, kuonana ndiko kusikilizana. Anayetaka utulivu hujilaza kwenye wavu wa kamba za katani uliotandazwa juu ya meza ya kusomea.

Ofisi za tarafa zingeweza kujengwa hivyo, kwani vifaa hivyo vinapatikana nchini. Ila mbao za mikaratusi hazibebi paa pana: nguzo za Muyinga zimesimama karibu karibu, takriban kila mita 1.30.